Mikanda ya Kiti cha Nyuma

Baba mkwe wangu, Mzee Andongwisye, alikuwa na gari moja tu, na gari hilo lilijulikana kuliko yeye mwenyewe. Lilikuwa Morisi la wazi, rangi ya maziwa, lenye turubai jeusi linalokunjwa nyuma. Alilipata zamani kwa meneja wa mashamba ya chai kule Tukuyu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Tangu hapo hakukuwa na harusi ya maana, kuanzia Ikolo hadi Kyela mjini, ambayo haikulikodi. Bwana na bibi harusi hukaa juu kabisa, mgongoni mwa kiti cha nyuma, miguu yao ikikanyaga pale pa kukalia, wakipunga mikono. Watoto wa kwetu Bujonde waliliita gari lile Bibi Harusi.

Mimi sikuwahi kulipanda. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Tunaita kutila. Ukimsikia anakohoa njiani, unaingia migombani, unajifunika khanga mpaka apite. Huketi naye, huli naye, husemi naye. Familia nyingi zimeacha, hasa za mjini. Lakini Mzee Andongwisye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa mila kwa wakati mmoja, na nyumbani kwake jambo hili halikulegezwa hata kidogo. Katika miaka yote ya ndoa yangu uso wake niliujua kwa picha iliyotundikwa sebuleni. Nikiwa na neno nalipeleka kwa mama mkwe, Mama Marta, naye analifikisha. Jibu likija, linarudi kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo Jumapili watoto wangu wawili, Gwamaka na mdogo wake Prisca, walikwenda kanisani na babu na bibi yao kwenye gari la wazi. Mimi na mume wangu, Lugano, tuliwafuata kwa pikipiki baada ya vumbi kutulia.

Siku ya Pasaka ya mwaka jana, wakati wa kurudi, ndama alikatiza barabara karibu na kalavati. Mzee akakanyaga breki. Yeye alikuwa amefunga mkanda, na Mama Marta alikuwa amefunga mkanda, kwa sababu trafiki wa njia panda waliwahi kumsimamisha na kumwaibisha mbele ya watu akiwa na maharusi. Alikuwa ameweka mikanda mbele tu. Nyuma trafiki hawatazami. Prisca alikuwa sakafuni akitafuta kiatu chake, ndiyo maana yuko hai. Gwamaka alikuwa amekaa vizuri kama tulivyomfundisha, mikono magotini. Alipita juu ya bega la bibi yake, akapita juu ya kioo.

Sisi tulifika baadaye kidogo. Sitaeleza tulichokikuta.

Msibani Mzee alikaa mbele ya nyumba na wanaume, mimi nilikaa nyuma na wanawake. Hakuniona nikilia, wala mimi sikumwona. Sijui kama alilia. Waliokuja kunipa pole walisema kwamba Mungu amemchukua mtoto wake, nami nikaitika amina, kwa sababu naamini kwamba uhai ni wa Mungu na hakuna jani linaloanguka bila yeye kujua. Lakini ile amina ilibaki kooni kwangu, haikushuka. Baada ya msiba watu wakaanza kuniita Mama Prisca. Walifanya hivyo kwa huruma. Kila waliponiita hivyo nilihisi wamemzika tena.

Nilingoja neno kutoka kwa baba mkwe. Sikutaka neno kubwa. Kama angemtuma mkewe aje aseme, "Mzee anasema pole," lingenitosha. Halikuja.

Mpunga ulipovunwa, ikapangwa harusi ya Beatrice, mdogo wake Lugano. Gari la harusi lilijulikana hata kabla ya tarehe. Kisha nikasikia kwamba Prisca ndiye atakayekaa kiti cha nyuma, chini ya miguu ya bibi harusi, akishika maua.

Nikaenda mjini kwa Ahmada. Huyu ni mfanyabiashara wa vipuri, wazee wake walitoka pwani, duka lake liko jirani na stendi. Kila kitu kinaning'inia pale, milango, taa, usukani, mpaka ukiinuka vibaya unagonga kichwa.

"Karibu, Mama Prisca," akasema, kisha akajikamata. "Samahani. Nikuite lipi?"

"Niite la kwanza."

"Karibu, Mama Gwamaka. Kaa juu ya hiyo betri, imekufa, haina kosa."

Nikamwambia nataka mikanda ya kiti cha nyuma, ile inayopita begani, kwa gari la mkwe wangu. Akacheka mpaka akaegemea rafu.

"Bibi Harusi? Mzee yule? Nilimwambia weka redio, akanitazama kama nimemwambia amuoe shangazi yangu. Gari lile, dada yangu, halijatobolewa tangu limezaliwa."

"Mtoto wangu atalipanda."

Akaacha kucheka. Akavuta stuli, akaanza kunieleza akionyesha kwa mikono, mimi nikiwa kiti na yeye akiwa gari.

"Gari lenye paa lina nguzo pembeni. Mkanda wa begani unafungwa kwenye nguzo, juu ya bega la abiria. La kwenu halina paa, kwa hiyo bega halina pa kushikwa. Kuna watu watakudanganya waufunge chini, huku juu ya tairi. Usikubali. Siku ya breki kali mkanda utamkandamiza mtoto kwenda chini kama unashindilia gunia, utamvunja mgongo. Kinachotakiwa ni bomba la chuma lipite nyuma ya kiti, kimo cha mabega. Miguu ya bomba ifike sakafuni, chini yake kuwe na pleti na bolti. Mkanda ufungwe hapo."

"Na bibi harusi atakaa wapi? Bomba si litamzuia kukaa juu?"

"Atakaa kitini kama abiria. Kwani akikaa kitini hataolewa?"

"Nitajuaje kama fundi amefunga vizuri?"

"Uvute kama unavyomtoa ng'ombe kwenye tope la mpunga. Mkanda ukibaki, mlipe fundi. Ukianguka nao mkononi, usimlipe, na umtukane kwa niaba yangu."

Nilirudi nyumbani nikirudia maneno yake njiani ili nisipoteze hata moja. Bomba, kimo cha mabega, pleti na bolti. Kesho yake nilimkuta Mama Marta akigeuza kakao juani. Nikapiga magoti, nikamsalimu, "Ugonile, Mama," nikamweleza yote. Nilimwambia kwamba nataka mikanda inayoshika, nikamwonyesha kimo cha bomba kwa mkono wangu. Alisikiliza bila kuacha kugeuza. Mwisho akashukuru, "Ndaga, mwanangu. Nimekusikia. Nitamfikishia."

Siku kadhaa zikapita. Nilisali asubuhi na jioni. Sijawahi kusali kwa ajili ya chuma, lakini siku zile nilimtajia Mungu hata bolti.

Kisha Jumapili moja, baada ya ibada, Mama Marta alikuja mbio kwetu, khanga inamdondoka. "Mama Gwamaka, njoo uone! Pitia nyuma, Mzee yuko ndani anakula na mchungaji."

Gari lilikuwa uwanjani. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mikanda miwili, myekundu, mipana, ikishuka kutoka nyuma ya kiti na kupita begani, na kila mmoja ulikuwa na kibano cha chuma kinachong'aa. Ilikuwa imeshonwa na Nsajigwa, fundi wa makochi, mtu wa mkono safi. Na pale begani, kwa uzi mweupe, alikuwa amedarizi jina: Gwamaka.

Wanawake wa jirani walikuwa wamejaa. Mchungaji alikuwa amekwisha kuiombea mikanda ile. Mmoja alinishika mkono akasema, "Umefutwa machozi, mwenzetu. Mkwe kama huyu yuko wapi tena?" Mama Marta alikuwa analia na kucheka. "Umeona? Si nilikwambia? Amekusikia."

Nikaenda migombani, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Niliona kwamba hatimaye mzee yule amesema nami. Lile neno nililolingoja tangu msibani lilikuwa limekuja kwa uzi na kitambaa. Amina ya siku ile ikashuka kidogo. Katika furaha yangu sikuuliza kwa nini nyuma ya kiti hapakuwa na bomba.

Jumatano Mzee alikwenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa kwa miguu. Nikamchukua Prisca nimzoeshe kukaa. Akapanda, akanyoosha gauni, nikamfunga, kibano kikalia tak.

"Mama," akasema, "jina la Gwamaka liko begani kwangu."

"Ndiyo. Anakushika."

Nilisema hivyo, na baada ya kusema nikakumbuka neno la Ahmada. Nikamfungua Prisca, nikamshusha. Nikakanyaga kizingiti cha mlango wa gari, nikaushika mkanda kwa mikono miwili, nikauvuta.

Sikuhitaji hata kuvuta kama mtu anayemtoa ng'ombe. Ulitoka kama jino la mtoto. Nyuma ya kiti kulikuwa na ubao mwembamba wa kushikilia kitambaa, na mkanda ulikuwa umefungwa kwenye ubao huo kwa skrubu mbili fupi, zile za bawaba za kabati. Nikauvuta wa pili. Nao ukaja na vumbi la mbao.

Lugano alinikuta nimekaa chini, mikanda mapajani. Akaitazama, akatazama barabarani kama baba yake anakuja.

"Umefanya nini, wewe?"

"Nimeivuta tu, Baba Gwamaka. Prisca angeivuta ingetoka."

"Mzee alimkataza Nsajigwa asitoboe bodi."

"Ulijua?"

Alikwenda ndani akarudi na bisibisi, gundi na kiberiti. Akavunja njiti za kiberiti, akazichomeka kwenye matundu na gundi, akakaza skrubu zile zile. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, ulimi umetoka kidogo kama Gwamaka alivyokuwa akifanya anapoandika. Alipomaliza akafuta alama ya vidole vyake kwenye kibano.

"Prisca hatapanda," nikasema.

"Ameshanunuliwa gauni. Na Mzee amesema mbele ya watu kwamba mikanda hii ni ya kumkumbuka mjukuu wake. Mtoto akikataa kuifunga, amekataa jina la kaka yake. Utamwambia nini?"

"Wewe ndiye mwanawe. Mwambie wewe."

"Nimwambie kwamba zawadi yake ni bure?" Akafunga kiberiti, akaniita kwa jina langu. "Kisa, wewe humjui baba yangu."

Hilo lilikuwa kweli, na hakukusudia kunichoma.

Nikamwendea Mama Marta. Safari hii sikupiga magoti, nilikaa karibu naye jikoni.

"Mama, ulimwambia nini Mzee siku ile?"

"Nilimwambia mkamwana wako ana majonzi, hajapona. Anatamani kuona mikanda kwenye gari, moyo wake utulie."

"Mimi nilisema mikanda inayoshika. Nilisema bomba. Nilisema pleti na bolti."

"Ndiyo, mwanangu, ulisema."

"Mbona hukuyafikisha?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Hakuwa mwanamke mbaya. Alinifundisha kupika, alinihudumia uzazi wangu wote.

"Nipeleke maneno ya bolti kwa mwanaume ambaye mtoto alifia mikononi mwake? Kutoka kwa mkamwana? Ingekuwa ni kumwambia wewe umeua. Tangu wanangu waanze kuoa nimekuwa nikipeleka maneno ya wake zao, na neno la mkamwana hupelekwa limepozwa. Nilipeleka kilio chako. Naye akakupa cha kufutia machozi. Nilifikiri ndicho ulichokuwa unaomba."

Nikaelewa basi. Niliomba mikanda nikaletewa pole. Na ile pole, ambayo ningeipokea kwa mikono miwili wakati wa msiba, sasa ilikuwa imefungwa begani kwa mwanangu kwa njiti za kiberiti.

"Rudi kwake, Mama. Mweleze sasa."

"Baada ya mchungaji kuiombea?" Akachochea moto. "Acha harusi ipite. Kyala Mungu wetu atamlinda mtoto. Ni mwendo mfupi."

Kutoka kanisani mpaka kwenye kalavati nao ulikuwa mwendo mfupi.

Jumamosi ya harusi nilikuwa mahali pangu, nyuma ya jiko, nimejifunika khanga, natazama uwanjani kupitia majani ya migomba. Tangu alfajiri nilikuwa namwomba Mungu jambo moja tu, anipe njia nyingine. Nilikuwa tayari hata mvua inyeshe, hata gari ligome. Jua lilikuwa safi na gari liliwaka mara ya kwanza.

Beatrice alikuwa amepandishwa juu mgongoni mwa kiti, shela limetandazwa juu ya turubai. Chini yake alikuwa Prisca na maua yake, mkanda mwekundu umempita kifuani. Dulla, mpiga picha kutoka mjini, alikuwa anarudi kinyumenyume akiwaambia watabasamu. Mzee alikuwa nyuma ya usukani, suti mpya, kofia. Akavuta mkanda wake wa mbele, akaufunga.

Nikatoka.

Sikukimbia. Nilitembea katikati ya uwanja, khanga ikabaki migombani. Vigelegele vikakatika. Mzee aliona nyuso za wanawake, akageuka nusu kuona wanatazama nini, akaniona. Nadhani ni mara ya kwanza macho yetu kukutana. Akafungua mkanda haraka, akateremka upande wake, akaelekea ukutani na kuvuta koti juu ya kichwa chake, kama mtu aliyekutwa na mvua.

"Baba," nikasema, "mikanda hii haishiki."

"Marta," akasema kwa ukuta. "Ni nani anayesema nyuma yangu?"

Mama Marta alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga.

"Ni mama yake Gwamaka," nikasema mimi.

Lugano akanishika mkono. "Kisa, rudi. Nakuomba, rudi." Nikamwondoa.

Mzee akasema polepole, kwa sauti ileile ya kusoma matangazo kanisani. "Mwambieni mtu huyo. Mtoto alichukuliwa na Mungu. Hakuchukuliwa na gari."

"Kama ni hivyo, Baba, mkanda wa mbele umeufunga wa nini?"

Dulla aliachia kicheko, kisha akajifanya anafuta kamera. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikafungua kibano, nikamshusha Prisca, nikamweka nyuma yangu. Nikakanyaga kizingiti, nikavuta mkanda ule mbele ya watu wote. Njiti za kiberiti zilirukia viatu vyeupe vya Beatrice, nami nikaanguka chini kwa makalio, mkanda mkononi.

"Tazama, Baba. Geuka uutazame."

Hakugeuka. Niliona mabega yake chini ya koti, yalikuwa yanatikisika, sijui ni kwa hasira au kwa kitu kingine. Sikujaliwa kuona uso.

"Wifi," Beatrice akasema kutoka juu, machozi yakimharibia poda. "Siku yangu, wifi? Kweli hukuona siku nyingine?"

"Nisamehe, wifi."

Gari likaondoka na bibi harusi, bila mtoto. Mzee aliliendesha akiwa ameinamisha kofia mpaka machoni.

Jumapili ukoo ulikaa. Mimi sikuitwa, niliambiwa baadaye na Lugano. Kosa langu lilikuwa moja, kwamba nilimtokea baba mkwe, nikasema naye, na nikamwamuru anitazame. Habari ya njiti za kiberiti hakuna aliyeiuliza. Ikaamuliwa nirudi kwetu Katumba Songwe mpaka baba yangu alete ng'ombe wa kuniosha. Prisca angebaki, kwa sababu anasoma, na kwa sababu ni mtoto wa nyumba ile.

"Atakuja likizo," Lugano akasema.

Alinisindikiza hadi barabarani, amebeba mzigo wangu. Hakukuwa na kamba nyumbani, kwa hiyo nilikuwa nimeufunga kwa mkanda mwekundu. Jina lilikuwa juu, linasomeka. Alilitazama njia nzima, na pikipiki ilipokuja alilinyoosha lisikunjike.

Baba yangu, Andrea, hana ng'ombe. Mto Songwe ulifurika ukamchukulia mpunga, ng'ombe akauzwa ili tule. Nilimweleza yote tangu mwanzo. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa uchungu, akasema nilikuwa na haki juu ya mtoto. Kisha akauliza, "Lakini kwa nini ulimwambia akutazame?" Wakati huo mke wa kaka yangu alikuwa amejibanza nyuma ya nyumba na ndoo ya maji kichwani, akingoja baba yangu aondoke mlangoni ili apite. Nilimwona. Sikujua nimwambie nini.

Jambo nililokuwa sijalifikiria lilinijia Jumapili ya kwanza. Prisca sasa angekwenda kanisani kwa gari lile kila juma, na mimi nisingekuwepo hata wa kumshusha. Nilikuwa nimeubomoa mkanda wa bure, nikamwacha bila hata huo. Kila Jumapili nilikaa kitandani na kusali tangu kengele ya kwanza hadi nilipokadiria kwamba wamefika nyumbani. Nilimwomba Mungu awe bomba, awe bolti. Nilisema hivyo hasa. Sikuwa na maneno mengine.

Mvua zilipoanza nilikwenda Kyela mjini kuuza mchele wa mama, nikapitia kwa Ahmada. Aliponiona alinyanyuka, hakufanya mzaha.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Mzee wako alikuja. Mwenyewe. Akasimamisha gari pale nje, akaingia, akasema, 'Toboa.'"

"Alisema nini kingine?"

"Neno hilo tu. Nikamwuliza, Mzee, nitoboe wapi? Akaonyesha kwa mkono, hivi, kimo cha mabega. Nikachomelea bomba, nikaweka pleti chini, bolti nene, mikanda miwili ya begani kutoka kwenye gari lililovunjwa, myeusi, mizima. Nikamwambia bibi harusi hatakaa juu tena, watu hawatakukodi. Akasema, 'Atakaa chini kama watu wengine.' Kisha akaingia nyuma yeye mwenyewe, dada yangu, mzee mzima, akafunga mkanda akaniambia nivute. Nikavuta. Akasema vuta tena. Akakaa pale nyuma mpaka chai yangu ikapoa."

Nilishika ukingo wa meza.

"Hakuacha salamu?"

"Kwangu? Za nini?"

"Kwangu mimi."

Ahmada akachukua bolti mezani, akaigeuza, akairudisha. "Hapana, Mama Gwamaka."

Nilirudi nikimshukuru Mungu. Nilimshukuru kwa sababu alikuwa amenipa nilichoomba, sawasawa na nilivyoomba, mpaka pleti. Nilitaka shukrani ile iwe nzima. Haikuwa nzima, na sitamdanganya yeye anayeuona moyo.

Lugano alileta habari kwamba ukoo bado unangoja ng'ombe. Nilimwuliza kama baba yake anamngoja pia. Akasema Mzee hasemi lolote juu ya jambo hilo, na likitajwa anatoka nje.

Siku moja nilikuwa natoka shambani, nimebeba ndizi kichwani, kwenye barabara ya kwenda Kasumulu. Nikasikia mlio wa injini ninaoujua. Bibi Harusi lilikuwa linakuja taratibu likikwepa madimbwi, maua ya karatasi mbele, pengine kuna harusi mpakani. Nyuma ya kiti bomba lilionekana, limepakwa rangi ya maziwa kama gari lenyewe. Bwana na bibi harusi hawakuwepo bado. Kiti cha nyuma alikaa mtoto mmoja tu, gauni la njano, mkanda mweusi umempita begani.

Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Barabara ilikuwa tupu, hakuna ukoo, hakuna mchungaji. Lakini niliona kofia nyuma ya usukani, na miguu yangu ikatoka barabarani kabla sijafikiri, ikaniingiza migombani, mkono ukavuta khanga usoni. Ndizi zikamwagika kwenye maji.

Mzee naye alikuwa ameniona. Akainamisha kofia. Gari likapunguza mwendo, likawa kama linataka kusimama, halikusimama.

"Mama!"

Prisca alikuwa ameniona chini ya khanga. Akaacha maua yaanguke, akainuka kwa nguvu zake zote ili asimame kwenye kiti, na mkanda ukamrudisha chini. Akajaribu tena. Ukamrudisha tena. Ulishika vizuri. Gari lilipokunja kona nilikuwa bado naona mkono wake tu, juu ya bomba.